Somo la Katani

Manundu, Korogwe
4 Februari 2024

Mjukuu wangu Edna,

Nina karatasi moja isiyo yangu. Nimeificha miaka thelathini na minane kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vyangu, na hata marehemu bibi yako hakuwahi kuiona. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya kila nilipotaka kumweleza mtu.

Sasa hujambo, mke wangu mdogo? Watoto wako wa Jumapili hawajambo? Mimi sijambo ya kizee. Miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Daktari anasema moyo umechoka, nami nikamwambia umefanya kazi miaka themanini na minne bila likizo, una haki yake. Jirani yangu Mama Faudhia ananiletea uji asubuhi na kunigombeza jioni. Kwa hiyo natunzwa.

Karatasi nitakueleza. Lakini kwanza niache niteme hasira, maana hayo masomo ya watoto uliyoyatoa kwenye mtandao ukaniletea kwa mkono wa kondakta ili nikukagulie yamenikera mpaka nimeshindwa kula.

Hili la kwanza linataka kila mtoto atengeneze kondoo kwa sahani ya karatasi, pamba ya dukani na gundi ya kupaka kama rangi ya mdomo. Edna, nani Handeni ana sahani ya karatasi? Na kondoo wa nini? Kondoo wa huko kwenu ni wa kahawia, ana mkia mnene, na nusu ya watoto wako wamemchunga tangu wana miaka mitano. Wao ndio wangemfundisha mwandishi kondoo ni nani!

La pili linaeleza ule mstari wa Isaya wa dhambi nyekundu kuwa nyeupe kama theluji. Limechorwa mtoto mwenye kofia ya sufu akijenga mtu wa barafu mwenye karoti usoni. Mtoto wako wa Handeni, aliyetoka kuchota maji kwenye lambo, atajifunza nini hapo? Kwamba msamaha ni kitu kinachopatikana Ulaya?

La tatu limeandikwa na mtu wa kwetu kabisa, kwa Kiswahili kizuri, na ndilo baya kuliko yote. Kurasa nne za moto wa jehanamu kwa watoto wa miaka sita. Sikumwona Yesu mpaka ukurasa wa nne, naye anaonekana amechelewa.

Na hakuna hata moja lenye jina la mwandishi. Mtu anayewapa watoto maneno bila kutia jina lake ni mtu wa kuogopwa. Andika hilo mahali ulione kila siku.

Somo la mtoto huanza na kitu anachoweza kukishika. Kitu cha hapohapo, cha kuokota njiani. Kisha hadithi, kisha swali moja, moja tu, ambalo mwalimu mwenyewe halijui jibu lake lote. Ukipata somo la mtandaoni lenye hayo, lichukue, hata kama limetoka mwezini. Ukikosa, zima hiyo simu.

Nimechoka kuandika. Karatasi nitakueleza barua ijayo.

Babu yako,
Gregori


Handeni
15 Februari 2024

Shikamoo Babu, mume wangu mzee mwenye makelele,

Barua yako imefika na fimbo zake zote. Pole na miguu. Mwambie Mama Faudhia akugombeze na asubuhi pia, kwa niaba yangu.

Umenipiga kabla hujaniuliza. Nina watoto hamsini na wanane, wa miaka minne hadi kumi na mitatu, chini ya bati moja nyuma ya kanisa. Nina kitabu kimoja ambacho panya walianzia Mwanzo wakaishia Ruthu. Mchungaji ana mitaa minne, tunamwona mara moja kwa mwezi. Nikikaa kusubiri vitabu vya kanisa, hawa watoto watakuwa na wajukuu. Ndiyo maana nikaingia kwenye simu.

Usifikiri huko ni kuokota embe. Kurasa nyingi ni za Kiingereza. Moja inataka ujiandikishe, ukishajiandikisha inakuletea matangazo ya mikopo. Nyingine ina video nzuri kweli, lakini Jumapili moja tu inamaliza bando la mwezi. Na nikishapata kitu, bado yupo mzee wa kanisa, Mzee Mdoe. Alinikuta nawasomea watoto kwenye simu, akasimama mlangoni na bakora yake.

"Mwalimu Edna, simu imeingia kanisani?"

"Ni somo, Mzee."

"Somo la nani? Nani kalituma? Leo simu, kesho mtaniambia nitoe sadaka kwa simu."

"Hiyo mbona tayari mzee, namba imebandikwa pale ukutani."

Watoto wakacheka. Hakupenda. Akapiga marufuku masomo ya simu mpaka baraza la wazee likae.

Sasa sikiliza, Babu, hii ndiyo habari ya barua hii. Wiki iliyopita nimepata ukurasa wa masomo ya watoto kwa Kiswahili, unapakua bure, karatasi mbilimbili tu, hakuna picha ya theluji. Nikafungua la kwanza. Ni somo lako. Somo la Katani! Lilelile ulilotufundisha Manundu, kwenye darasa lenye jina lako ukutani. Na mengine kumi na tisa, la mchwa, la mtoto aliyepotea siku ya mshahara kwenye kambi ya wakata mkonge, yote ya kijitabu chako.

Nilikimbia na karatasi hadi kwa Mzee Mdoe. Akavaa miwani, akasoma, midomo inacheza. "Huyu ni Mwalimu Gregori wa Manundu. Mimi nimefundishwa haya kambini Hale nikiwa kijana." Akafuta macho, Babu, huyo Mdoe wa bakora! Akasema, "Ya Mwalimu Gregori ruhusa. Ya wengine, hapana."

Kwa hiyo Jumapili iliyopita tulikata majani mawili ya mkonge kwenye uzio wa shule, watoto wakayakwangua kwa ubapa wa panga, ute wa kijani unawawasha mikono, kelele tupu. Tukaosha bombani, tukaanika kwenye waya. Jana, ingawa si Jumapili, wakaja wanakimbia kabla ya kengele ya shule. Mmoja anaitwa Shukuru, hasemi kitu mwaka mzima, akashika nyuzi akasema, "Mwalimu, imekuwa nyeupe na sisi tulikuwa tumeshaondoka."

Ila ukurasa huo hauna jina lako popote. Na kuna maneno mwishoni ambayo sikuyasikia kwako: "Katani ikishaoshwa huanikwa kwenye kamba moja na nyingine zote. Hakuna kamba ya pembeni." Nimewaandikia wenye ukurasa, nikawaambia mwandishi ni nani na yuko hai.

Na ile karatasi? Umenitia wasiwasi kisha ukaniacha na kondoo.

Mjukuu wako,
Edna


Manundu, Korogwe
24 Februari 2024

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Mimi naendelea hivyohivyo.

Wezi! Nakaa hapa kitandani, na watu nisiowajua wanagawa masomo yangu dunia nzima bila jina langu! Miaka mitatu tuliyoyafundisha kambini, kila Jumapili, jua kali, watoto wa wakata mkonge wamekaa juu ya magunia. Kijitabu kilichapishwa na kanisa mwaka 1987, jina lipo kwenye jalada, herufi kubwa. Leo mtu anakipiga picha, anafuta jina, anajiita mtoa huduma! Huduma gani inayoanza na wizi?

Na wameongeza maneno. Hayo ya kamba ya pembeni hayamo kwenye kijitabu. Fungua, tazama, ukurasa wa saba. Mtu ameingiza siasa zake ndani ya somo la watoto, kisha watasema Gregori ndiye aliyesema. Nataka yaondolewe.

Waambie waandike: "Mwalimu Gregori, Manundu, Korogwe." Wasiandike marehemu, wasiharakishe. Wakikataa, mwambie Mzee Mdoe aandike barua yenye mhuri. Ninyi vijana mnadhani kitu kikishaingia kwenye simu hakina mwenyewe. Kina mwenyewe! Kila neno lilitoka kwa mtu aliyekaa akafikiri.

Nimefurahi Mdoe ananikumbuka.

Usiniulize habari ya karatasi sasa. Sina nguvu.

Babu yako,
Gregori


Handeni
17 Machi 2024

Shikamoo Babu,

Naomba Mungu barua hii ikukute na nafuu. Sisi huku ni wazima, mvua zimeanza, watoto hawajapungua.

Wenye ukurasa walinijibu kwa adabu sana. Walisema hawakunakili kijitabu chochote. Masomo hayo waliletewa na mwanamke mmoja, akiyachapa mwenyewe kwa simu, kutoka kwenye madaftari ya mama yake. Walimwuliza kama wanaweza kunipa namba yake, akakubali. Na yuko hapahapa Handeni, Babu. Anashona sare za shule karibu na stendi. Nimempita miaka sita. Anaitwa Husna Jabiri. Mama yake aliitwa Grasiana.

Nilikwenda nikiwa na maneno yako mdomoni. Nilikwenda kudai. Nimekaa kwenye benchi lake saa mbili, nikaondoka bila kudai chochote.

Alinitolea madaftari manne kutoka kwenye mfuko wa rambo. Penseli. Mchwa wamekula kona. Kila somo lina tarehe juu, siku zote Alhamisi, kuanzia Machi 1983. Somo la Katani limefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Kwenye kijitabu chako hakuna mtu aliyefuta kitu, Babu. Maneno ya kamba ya pembeni yapo, kwa mwandiko uleule, tangu siku ya kwanza. Hayakuongezwa. Yaliondolewa.

Nikamwuliza, "Dada Husna, wewe Muislamu, masomo ya Kikristo unayapeleka mtandaoni ya nini?"

Akacheka, pini mdomoni. "Mchwa hawaulizi dini. Nilianza kuchapa wateja wakiwa hawapo. Nikatafuta nani anahitaji masomo ya watoto wa Kikristo, nikawatumia. Hawakuniuliza naswali wapi."

"Mbona hukuweka jina la mama?"

Hapo akatoa pini. Alisema mama yake alitengwa na kanisa alipoolewa na baba yake, Mzee Jabiri, fundi wa mashine ya kuchakata mkonge. Mama yake hakusilimu. Miaka yote alikaa nje, Jumapili anasimama kwenye uzio wa kanisa, anasikiliza watoto wakiimba, anarudi kupika. Mwaka 1986 aliandika barua ya kuomba kurudi kundini. Hakujibiwa. Akaambiwa baraza linatafakari. Akangoja mpaka akafa, 2011.

"Siku ya maziko," akasema, "mchungaji hakuja, kengele haikupigwa. Baba aliwaomba jirani zetu Wakristo waimbe hata wimbo mmoja, wakatazamana. Basi baba akachukua Biblia ya mama akasimama kaburini, Muislamu na kofia yake, akasoma zaburi ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu, anafuata maneno kwa kidole, maana miwani alisahau nyumbani. Akarudia mstari pale alipopotea. Hakuna aliyemcheka."

Jina hajaliweka kwa sababu hataki kuliweka mbele ya watu waliomfungia mama yake mlango, bila kujua kama walimkataa au walimsahau. "Nikijua," akasema, "nitaliandika. Kama walimkataa, nitaandika na hilo. Wewe ni mtu wa kanisa, niulizie. Kuna mmoja mama alimtaja kwa heshima sana, Mwalimu Gregori. Alikuwa katibu wa baraza. Mama alisema huyo ndiye anayempigania humo ndani."

Sikumwambia wewe ni nani kwangu. Mara ya kwanza maishani nimeona haya kulitaja jina lako, na nina hasira nawe kwa hilo hata kuliko kwa madaftari.

Uliniandikia kwamba kila neno lilitoka kwa mtu aliyekaa akafikiri. Nani alikaa, Babu? Uliniandikia wezi. Uliniandikia mtu asiyetia jina aogopwe. Na yule anayetia jina lake pasipo lake?

Mzee Mdoe ameruhusu masomo haya kwa jina lako tu. Nikimwambia ukweli atayafunga, maana yatakuwa ya mwanamke aliyetengwa, yaliyoletwa na binti Muislamu, kupitia simu. Nisipomwambia, nitasimama kila Jumapili mbele ya watoto hamsini na wanane nikiwa mwongo kama... sitamalizia, wewe ni babu yangu.

Nijibu swali la Husna. Barua ile ilikwenda wapi?

Mjukuu wako,
Edna


Handeni
28 Aprili 2024

Shikamoo Babu,

Wiki sita. Nimewauliza makondakta wote wa magari ya Korogwe, wanasema hakuna barua. Mama Faudhia amenipigia, anasema ulilazwa siku nne ukarudi, unakula kidogo, na jioni unaamuru sanduku la bati liwekwe kitandani, hulifungui. Pole sana. Ningekuja, ila mvua imekata njia pale darajani na shule hazijafungwa.

Nakuombea. Hasira haijaniisha, nakuombea nayo humohumo.

Husna hajaniuliza tena. Ananishonea sare ya kwaya na kuniuliza habari za watoto. Ni afadhali angeniuliza.

Mjukuu wako,
Edna


Manundu, Korogwe
12 Mei 2024

Mjukuu wangu Edna,

Hujambo? Husna hajambo? Mzee Mdoe na bakora yake hawajambo? Hali yangu usiulize, utaiona kwenye mwandiko. Naandika mistari mitano napumzika, leo ni siku ya nne. Mama Faudhia alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Mwandiko wangu ndio uliofanya makosa, uandike wenyewe.

Ulikasirika vizuri. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali umenionea, nikapata mahali pamoja tu. Ulipoacha sentensi ile ya mwongo bila kuimaliza, ulinionea kwa kunihurumia. Imalize.

Masomo si yangu. Hata moja.

Mwaka 1982 baraza la wazee lilimtenga Grasiana kwa kuolewa na Jabiri. Barua ya kumtenga niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa katibu na nilisifiwa mwandiko. Hadi siku ile yeye ndiye aliyekuwa akifundisha watoto wa kambi, na alikuwa na darasa la nne tu la mkoloni. Wakaniweka mimi mahali pake, mwalimu mwenye cheti. Nikawafundisha orodha ya wafalme wa Yuda. Jumapili ya tatu walilala. Ya nne hawakuja.

Nikamfuata uwanja wa kuanika, akiwa na wanawake wenzake wanatandaza katani kwenye nyaya. Aliniacha nisimame nimshikie fungu, mimi mwalimu, na suruali yangu ya Jumapili.

"Shida yako unawaambia vitu vya mbali," akasema. "Wape kitu cha kushika. Shika hiyo. Juzi ilikuwa kijani inanuka, leo iko hivyo. Nani kaifanya nyeupe?"

"Jua," nikasema.

"Umeliona likifanya?"

"Sikuliona."

"Basi kawaambie hivyo, uone kama watalala."

Ile barua yangu ya kwanza, ya kitu cha kushika, cha kuokota njiani, na swali moja ambalo mwalimu hajui jibu lake lote, nilikufundisha maneno yake nikakupa kama yangu. Hata katikati ya kuungama nilikuwa naiba. Nilipozisoma zile karatasi zako nikakasirika na theluji na gundi, nilikuwa nakasirika kwa kipimo cha Grasiana.

Tangu hapo, kila Alhamisi alinipa daftari, nami nikanakili kwa wino. Jina ni yeye aliyesema niweke langu. "La kwangu litafungiwa mlango, Mwalimu, na watoto watafungiwa nalo. Nikirudi kundini tutaandika la kwangu." Tulipatana hivyo. Nilisema ndiyo. Wakati ule nilimaanisha.

Maneno ya kamba ya pembeni niliyafuta mimi. Yaliwagusa wazee wa baraza, na mimi mmoja wao. Unajua kinachoniudhi mpaka leo? Wazee wale walikuwa wanywaji wa siri na wenye watoto wa nje, na waliketi kumhukumu mwanamke kwa ndoa ya halali, yenye mahari na mashahidi! Nilitaka kukuandikia kurasa za hasira juu yao. Nimezichana. Walikuwa na makosa yao, na wamekwisha kufa, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya nililolifanya mimi.

Kazi za watoto zikasifika. Nikaitwa semina. Mwaka 1986 tukaambiwa masomo yatachapishwa kijitabu. Nikapewa cheti mbele ya watu, bibi yako amevaa kitenge kipya. Chumba kikapakwa rangi, jina langu likaandikwa kwa bluu. Mzee mmoja akaniita Baba wa Watoto, na jina hilo likanishika mahali ambapo hata sasa naona haya kupataja. Nilikuwa mwalimu wa kawaida, Edna, mwenye sauti kavu. Sikuwahi kupendwa na darasa kabla ya hapo.

Sasa mambo ya kufanya, kabla sijaishiwa wino na pumzi.

Mzee Mdoe umsomee barua hii yote, akiwa amekaa. Mwambie aliyemfundisha kambini alikuwa Grasiana, mimi nilikuwa mdomo. Akisema atafunga masomo, mwulize machozi yale aliyafuta kwa ajili ya nani, na kama alijua dini ya mtu aliyechapa masomo kwenye simu wakati machozi yakimtoka. Akifunga bado, fundisheni nje ya uzio. Grasiana alisimama nje ya uzio miaka ishirini na tisa, mtakuwa mahali pazuri. Nawe usizime simu. Nilikosea. Endelea kutafuta, chuja, uliza nani kaandika na kwa watoto gani, na pale panapofaa shukuru kwa jina.

Ukurasa ule waandike: Grasiana, mke wa Jabiri, kambi ya mkonge, Hale. Na maneno ya kamba yasiguswe.

Nimemtuma Denis, fundi rangi, apake chokaa juu ya jina langu pale darasani. Mwenyekiti wa usharika amekuja mbio kuniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia bado, ndiyo maana nafanya haraka.

Kwa Husna siwezi kuandika barua. Nimejaribu, kalamu inaanza na "Binti yangu" na sina haki hiyo. Barua hii impelekee, pamoja na ile karatasi ya sanduku la bati, imo ndani ya bahasha ndogo. Usiifungue wewe. Ni mali yake.

Aliuliza kama mama yake alikataliwa au alisahauliwa. Mwambie hivi, bila kupunguza.

Kurudi kundini hakukuwa kugumu mwaka ule. Baraza lilikuwa limelegea, wanawake wawili wenye ndoa kama yake walikuwa wamepokelewa Pasaka ileile, wakasimama mbele ya usharika, wakapewa mkono, wakala meza ya Bwana. Kilichotakiwa ni barua ya kuomba, isomwe na katibu.

Grasiana aliandika. Alinipa mkononi, Alhamisi, tarehe 12 Juni 1986, pamoja na daftari la mwisho, uwanjani pale pa kuanika, mikono yake ina weupe wa vumbi la katani na alama ya vidole vyake ipo kwenye karatasi mpaka leo. Kijitabu kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji mwezi uliofuata. Nikaiweka mfukoni. Kikao kilikaa Jumamosi, mwenyekiti akauliza kama kuna barua. Nikasema hakuna.

Kila aliponiuliza nilimwambia wanatafakari. Miaka ishirini na mitano. Alikuwa akinishukuru.

Baraza halikumkataa, Husna, wala halikumsahau. Baraza halikuwahi kujua kwamba mama yako aliomba.

Babu yake Edna,
Gregori